Amani Ipangwayo, Ni ya Nani?

Liko suala ambalo aghlabu hupitwa na watu wasomapo habari za vita vikuu. Mtu akiahidi kwa maneno ya jumla, na watu wakambebea mzigo wake kwa kuitegemea ahadi ile, je, anayo haki, mzigo ukiisha kutuliwa, kusema, "Mimi nilimkusudia fulani na fulani tu"?

Tarehe 14 Agosti 1941, Roosevelt wa Marekani na Churchill wa Uingereza walitangaza Mkataba wa Atlantiki, waliouafikiana merikebuni karibu na Newfoundland. Marekani haijaingia vitani bado, nao wamekwisha kuipanga amani ya baadaye. Miongoni mwa waliyoyatamka ni haki ya kila umma kujichagulia serikali yake. Neno lile halikutaja Ulaya wala Afrika. Haukupita mwezi, Churchill akaliambia Bunge lake kwamba waliokusudiwa hasa ni mataifa ya Ulaya yaliyotekwa na Wajerumani.

Ama mzigo, huo haukuwekewa mpaka. Waafrika wa Kenya karibu 100,000 waliingia jeshini, na mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa katika misitu na matope ya Bonde la Kabaw, huko Burma, wakipigana na Wajapani ambao hawakuwa na ugomvi nao.

Sasa na tuitazame Nakuru. Msafiri atokaye Mombasa akiteremkia Mai Mahiu huliona kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kitaliani mwaka 1942. Bonde lile lina athari za vita kuliko wengi wetu tudhanivyo. Nyanda zake za juu zilikuwa zimekwisha kutengwa kwa sheria ya mwaka 1939 ziwe za Wazungu. Vita vilipokwisha, serikali ya koloni iliandaa mpango wa kuwasaidia Wazungu, na askari wao miongoni mwao, kupata mashamba huko. Askari Mwafrika hakuwa na fungu katika ardhi hiyo. Na ndugu zake waliokaa mashambani mwa Wazungu waliona siku za kazi zikiongezwa na mifugo yao ikipunguzwa. Watu wa Olenguruone, katika wilaya hiyo hiyo ya Nakuru, walipahesabu mahali pale kuwa ni fidia ya ardhi yao waliyokwisha kunyang'anywa. Serikali ikawahesabu kuwa ni wapangaji wa masharti. Walipoyakataa masharti walifukuzwa, na hata kufikia mwaka 1950 wengi wamekwisha kuhamishwa, baadhi yao wakapelekwa Yatta kwenye ukame.

Wako wasemao kwamba msemaji ndiye ajuaye nia yake, basi tusimlazimishe asilolikusudia. Hoja hii ina nguvu kwa mtu aliyesema peke yake chumbani. Lakini wanavyuoni wetu wamesema juu ya kiapo kwamba hufuata nia ya mwenye kuapisha, si nia iliyofichwa na mwapaji. Na sisi twaona ahadi ina hukumu iyo hiyo, khasa ikiwa aliyeahidiwa amekwisha kulipa kwa damu.

Na liko la ajabu zaidi. Tanganyika, kwa kuwa ilinyang'anywa Wajerumani katika vita vya kwanza, iliwekwa mwaka 1946 chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa mlango huo Nyerere aliweza mwaka 1955 kusimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York, akaisemea nchi yake. Nchi iliyokuwa ya adui ikawekewa msikilizaji. Kenya, koloni ya mshindi, haikuwekewa. Mwaka huo huo Nakuru ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Na mmoja wa viongozi wa wapiganaji wa msituni, Waruhiu Itote, aliyekamatwa Januari 1954, vita alijifunzia Burma, katika jeshi la Mwingereza.