Chukua Nyumba Kumi

Gari la taka likishapita mtaani, tunafunga geti na kusema tumemaliza. Ndugu yangu wa Dar es Salaam, hatujamaliza. Taka zile zimehama tu. Zimetoka mlangoni kwako zikaenda mlangoni kwa mwenzako, na huyo mwenzako ana watoto na ana mapafu kama wewe.

Jiji letu lina ushahidi wa jambo hili, tena ushahidi wa mahakamani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi, nzi na harufu ya dampo, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, na wakashinda. Jiji likatafuta pengine. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Kunduchi Mtongani: Festo Balegele na mamia ya wenzake walisimama mbele ya mahakama ileile, wakaitaja Ibara ya 14 ya Katiba inayolinda haki ya kuishi, nao wakashinda. Kwa miaka mingi dampo limekuwa likihamahama: Tabata, Vingunguti, Mtoni, Kigogo, na sasa Pugu Kinyamwezi. Kila mara jiji lilipata mahali papya pa kutupa. Njia ya kupunguza kinachotupwa halikuipata, kwa sababu njia hiyo haipiti dampo. Inaanzia jikoni, na kuifungua kunahitaji watu wa kujitolea. Kunakuhitaji wewe.

Tupige hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilipata watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Tuseme kila mmoja anatupa nusu kilo tu kwa siku, na wengi wetu tunazidisha. Hizo ni tani zaidi ya 2,690 kila kunapokucha, yaani malori 269 ya tani kumi kumi, leo, kesho, Idi na Krismasi. Hakuna halmashauri itakayonunua malori na mafuta ya kuikimbiza hesabu hiyo milele. Taka zinazobaki nyuma tunazijua zilipo: kwenye mitaro ya Tandale na Manzese, kwenye kingo za Mto Msimbazi, kwenye fukwe tunakopeleka watoto Jumapili. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu katika jiji hili. Mvua ni ya Mungu, lakini mtaro uliozibwa kwa chupa na viroba ni kazi ya mikono yetu.

Na hata zile zinazofika dampo hazijatulia. Tarehe 10 Agosti 2024, nje kidogo ya Kampala, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka baada ya mvua ukafunika nyumba za watu. Zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Machi 2017 dampo la Koshe, Addis Ababa, liliua watu zaidi ya 100. Majirani zetu wamezika watu wao. Tusisubiri yatufike ndipo tuanze kuitana vikao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa fungua kiroba cha taka cha nyumbani kwako uangalie ndani. Maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, vichwa vya dagaa, ukoko, mabua ya mchicha. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, liliandika mwaka 2018 kwamba takriban asilimia 57 ya taka za miji ya Afrika kusini mwa Sahara ni za namna hii, taka zinazooza. Zaidi ya nusu! Zikikaa peke yake ni mboji ya bustani, ni chakula cha mbuzi wa jirani, ni chakula cha funza wanaolisha kuku na samaki. Zikichanganywa na karatasi, karatasi inaharibika. Zikiichafua chupa ya plastiki, mnunuzi anaikataa. Zikifunika kioo kilichovunjika, kioo hicho kinamkata mkono mzoa taka. Zikifukiwa dampo bila hewa, zinatoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hunasa joto takriban mara 80 kuliko hewa ukaa. Kuchanganya ndiko kunakogeuza mali kuwa uchafu.

Hii ndiyo maana ya taka sifuri ambayo watu wengi huiona kama ndoto ya wazungu. Haidai nyumba isiyo na taka hata chembe. Inadai kila kitu kirudi mahali pake: kinachooza kirudi shambani, kinachouzika kirudi kiwandani, na kile kisichorudi popote, kama pakiti za biskuti na nepi za kutupa, tukijue kwa jina na kukipunguza. Tumeshaonja ushindi wa namna hiyo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania, na tulioambiwa hatuwezi kuishi bila rambo tukajikuta tunakwenda sokoni na vikapu.

Mfano wa hatua inayofuata uko hapahapa jijini. Katika kata ya Bonyokwa, Ilala, taasisi ya Nipe Fagio, iliyoanza kazi mwaka 2013, imefanya kazi na wakazi na wakusanya taka mpaka wakusanya taka hao wakawa na ushirika wao. Kaya zinatenganisha taka nyumbani. Wakusanyaji wanapita mlango kwa mlango na kupeleka mzigo kwenye kituo chao cha kata, ambako zinazooza zinageuzwa mboji na chakula cha mifugo, na zinazouzika zinapangwa kwa ajili ya wanunuzi. Kinachokwenda dampo ni masalia. Bonyokwa si mtaa wa mabalozi wala matajiri. Kilichowasogeza ni watu waliokubali kupiga hodi nyumba baada ya nyumba, wakaeleza, wakarudi, wakaeleza tena.

Ng'ambo nako walianza hivyohivyo. Katika mji wa Capannori nchini Italia, mwalimu wa shule ya msingi, Rossano Ercolini, aliwaongoza wenzake kupinga tanuri la kuchomea taka lililopangwa kujengwa karibu nao. Walipolishinda hawakukunja mikono. Walidai ukusanyaji wa mlango kwa mlango wa taka zilizotenganishwa, na watu wa kujitolea wakapita majumbani kugawa vyombo na maelezo. Mwaka 2007 Capannori ikawa manispaa ya kwanza Ulaya kujifunga kwa mkakati wa taka sifuri, na mwaka 2013 mwalimu yule akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Alikuwa mwalimu tu, mwenye madaftari ya kusahihisha kama walimu wetu.

Basi ombi langu kwako ni hili: chukua nyumba kumi. Nchi hii inaujua mpango wa nyumba kumi kumi. Tumeutumia kwa ulinzi, kwa siasa, kwa misiba na harusi. Tuutumie kwa taka. Nyumba kumi zenye watu watano watano, kwa kadirio letu lilelile la nusu kilo, zinatoa kilo 25 kwa siku. Nusu yake ikibaki mtaani kama mboji au chakula cha mifugo, kwa mwaka mmoja umeokoa zaidi ya tani nne na nusu zisipande lori. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja mwenye saa chache za Jumamosi!

Anza na mjumbe wa nyumba kumi na ofisi ya serikali ya mtaa ili ujulikane. Kisha nenda na adabu zetu zote. "Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa nyumba ya tatu, naomba dakika kumi." Usimkaripie mtu, usimhubirie habari za tabia nchi kwenye kibaraza chake. Mwombe vyombo viwili tu: ndoo ya vinavyooza na kiroba cha vikavu. Mwonyeshe kwa taka zake mwenyewe, siku ileile. Wiki inayofuata rudi, kwa sababu watu hawabadiliki kwa kuambiwa mara moja. Wanabadilika wanapoona mtu anajali kiasi cha kurudi. Ukikuta ndoo moja imechanganywa, kaa chini mpange pamoja, ucheke naye, uondoke.

Mboji nayo haina uchawi. Sehemu moja ya maganda na mabaki mabichi, sehemu mbili au tatu za vikavu: majani makavu, maranda, maboksi yaliyochanwa. Nyama, mifupa na mafuta viweke kando, maana vinaita panya. Maji yawe ya kiasi, mchanganyiko uwe na unyevu bila kuchuruzika ukiukamua kiganjani. Pindua kila wiki ili hewa ipite. Ndani ya miezi miwili mitatu una udongo mweusi unaonukia mvua. Huna uwanja? Shule ya jirani inao, msikiti unao, kanisa linao, na bustani zao zina njaa.

Najua utakayoniambia. "Ada ya taka nalipa, kwa nini nifanye kazi ya halmashauri?" Endelea kulipa, na endelea kudai huduma kwa sauti. Raia anayetenganisha taka ana nguvu zaidi ya kudai, kwa sababu anajua nini kinapaswa kukusanywa, lini, na kipelekwe wapi. "Wenye guta watakuja wachanganye yote." Katika mitaa mingi ni kweli, na ndiyo sababu tunaanza na zinazooza: zikibaki mtaani, hakuna cha kuchanganya. Vikavu vilivyo safi mzoa taka mwenyewe atavithamini, maana ndivyo vinavyomlipa.

Hapa nataka tuelewane vizuri. Kujitolea kusimnyang'anye mzoa taka riziki yake. Yule kijana wa mkokoteni na yule mama anayeokota chupa alfajiri wamelifanyia jiji hili kazi kubwa kwa miaka mingi, bila glovu na bila shukrani. Tukijitolea, tujitolee kuifanya kazi yao iwe salama na yenye faida. Jua jina lake. Mlipe kwa wakati. Funga kioo kwenye gazeti kabla ya kumkabidhi. Kama wewe ni mhasibu, saidia ushirika wao kuweka vitabu. Kama ni mwanasheria, wasaidie katiba na mikataba. Kama ni nesi, wafundishe kujikinga. Kama ni fundi wa kuchomea, tengeneza guta lao lenye sehemu mbili. Kama ni mwanafunzi, pima: chukua mizani, pima taka za nyumba zako kumi kila wiki, andika. Siku mtakapokwenda kwa diwani mkiwa na daftari la miezi sita, mtasikilizwa tofauti na siku mliyokwenda na malalamiko.

Nayo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, isiishie kwenye fagio. Fagia, ndiyo, zibua mtaro, lakini hesabu ulichokiokota. Chupa ngapi, vifuko vingapi, za bidhaa gani. Wanaojitolea sehemu nyingi za dunia hufanya ukaguzi wa namna hii ili watengenezaji waulizwe wanarudishaje wanachokisambaza. Fagio linasafisha leo. Daftari linazuia uchafu wa mwakani.

Usiniambie kwamba Watanzania hatuwezi. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi ya mbu. Hawakuwa na simu za mkononi wala makundi ya mtandaoni. Wengi walikuwa ndio kwanza wamejifunza kusoma. Walikuwa na kiongozi wa kikundi aliyetoka miongoni mwao, na walikuwa na imani kwamba afya ya kijiji ni jukumu la kila mwanakijiji. Ni wazazi wetu na babu zetu hao. Damu yao ndiyo inayotembea ndani yetu, na sisi tuna zana walizozikosa.

Kwa hiyo usingoje mradi, wala fulana yenye nembo. Wiki hii zungumza na mjumbe wako. Jumamosi toka na ndoo ya mfano, uanze na nyumba ya kwanza. Nyumba tatu zikikubali, hizo tatu zitakusaidia kuzileta saba. Zikitimia kumi, mtafute mtu mmoja katika hizo umkabidhi kumi nyingine. Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 30 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Taka Sifuri. Itakapofika, sitaki tuadhimishe kwa hotuba. Nataka kila mtaa usimame na kusoma daftari lake: nyumba ngapi zimetenganisha, kilo ngapi hazikwenda Pugu, wazoa taka wangapi kipato chao kimepanda. Wewe uwe mmoja wa watakaosoma, na nyumba zako kumi ziwe zimekuzunguka.