Kiapo cha Wahitimu wa Biashara

Mwaka 2009, katika chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, wanafunzi waliokaribia kuhitimu walitunga kiapo. Waliahidi kuongoza kwa uaminifu, wala kutotanguliza tamaa zao mbele ya kampuni na jamii. Mamia walikitia saini, kwani msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulikuwa umewaletea wasomi wa biashara lawama nyingi.

Je, kiapo humfanya mtu kuwa mwema? Jeffrey Skilling alihitimu chuo hicho hicho mwaka 1979. Enron, kampuni aliyokuwa ameiongoza, ilifilisika mwaka 2001, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi na akiba ya uzee wao. Mwaka 2006 mahakama ilimtia hatiani kwa ulaghai. Hakupungukiwa na elimu; alipungukiwa na amana.

Tabibu akikiuka miiko ya kazi yake huweza kunyang'anywa ruhusa ya kutibu. Mhitimu wa biashara hana baraza la namna hiyo. Kiapo chake hakina mlinzi ila dhamiri. Kwa sababu hiyo wengine hukidharau. Lakini ahadi ni deni, na mtu aliyekiri deni mbele ya wenzake ana haya ya kumzuia.

Hata hivyo, kuapa hakugharimu kitu. Gharama huja siku faida na haki zinapoachana njia, na mkubwa wa kazi anaposubiri saini. Siku hiyo ndiyo mtihani, kwa maana uungwana ni kitendo.