Nani Atangulie Kusema Samahani?





Desemba ikifika hapa Litein, watoto wamefunga shule, jamaa wamerudi nyumbani kutoka Nairobi na Nakuru, na jioni familia nzima huketi mbele ya televisheni. Mara nyingi huwa ni filamu ya Noeli kutoka Marekani. Hata kabla chai haijapoa kikombeni, mnajua itakavyokwisha. Mwanamume anataka kuuza duka la zamani, mwanamke anataka kuliokoa. Wanachukiana, wanatupiana maneno. Kisha theluji inafunga barabara, wanalazimika kukaa pamoja, na mkesha wa Noeli wanakumbatiana.

Hadithi ya namna hii si ngeni. Mwaka 1940 Ernst Lubitsch alitoa filamu iitwayo The Shop Around the Corner. Ndani yake wafanyakazi wawili wa duka moja mjini Budapest hawapatani hata kidogo kazini. Kumbe kila mmoja anaandikiana barua za mapenzi na mtu asiyemjua, na mtu huyo ndiye yule yule anayegombana naye dukani! Mwanamume ndiye anayegundua kwanza. Halipizi kisasi, bali anakwenda kumtazama mwenzake alipokuwa mgonjwa, na mkesha wa Noeli anajitambulisha kwake.

Hatukatazi kutazama filamu hizi. Kicheko cha pamoja ni baraka nyumbani. Lakini tujiulize: mbona zinaishia pale pale ndoa inapoanzia?

Hadithi inapogeuka

Katika nyumba zetu hadithi mara nyingi hurudi nyuma. Wawili walipendana, wakaahidiana mbele ya altare, na leo ni maadui wanaolala kitanda kimoja.

Tuchukue mfano. Bonasi ya majani chai imelipwa Oktoba. Baba ametumia sehemu yake bila kumshauri mama, aliyeamka alfajiri mwaka mzima akachuma kwenye baridi na umande. Mama hakusema neno. Novemba yote chakula kimewekwa mezani kimya kimya. Ujumbe unapitia kwa mtoto: "Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari." Desemba hao wawili wanaketi kwenye kochi moja, wanacheka jinsi watu wa kwenye filamu wanavyonuniana, wala wao wenyewe hawatazamani.

Ndugu wapendwa, hapa kwetu theluji haitaanguka ifunge barabara ya Kericho ili iwapatanishe. Lazima mmoja wenu aanze.

Chuma yangali laini

Ninyi wakulima mnajua jambo hili kuliko mimi. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi, yangali laini. Ukiacha zamu zipite, jani linakomaa, linakuwa gumu, na kituoni watalikataa. Ukiacha miaka ipite bila kuchuma wala kupogoa, kile kichaka cha kufika kiunoni kinakuwa mti mrefu ambao mkono haufikii tena.

Uchungu wa ndoa ni vivyo hivyo. Neno la Oktoba lingesemwa Oktoba, lingekuwa laini. Ndiyo maana Mtume Paulo anawaonya Waefeso (4:26) wasiache jua lizame wakiwa bado na hasira. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwasihi wanandoa wasimalize siku bila kupatana. Hahitaji hotuba ndefu. Hata kumgusa mwenzako kwa upole kwatosha kuanza. Aliwakumbusha pia maneno matatu: tafadhali, asante, samahani.

Mungu alitangulia

"Lakini yeye ndiye aliyekosa! Kwa nini nianze mimi?" Swali hili tunalisikia kila mara. Jibu lake liko horini Bethlehemu. Paulo anawaandikia Warumi (5:10) kwamba tulipatanishwa na Mungu tulipokuwa tungali adui zake. Hakungoja tuje kuomba radhi kwanza. Alikuja yeye, mtoto mchanga, usiku. Hiyo ndiyo hadithi ya kweli ya adui aliyefanywa mpendwa, na ndiyo tunayoiadhimisha kwenye Misa ya Noeli. Basi, anayetangulia kusema samahani hajashindwa. Amemfuata Bwana wake.

Onyo moja

Wazazi, waelezeni binti zenu na vijana wenu kwamba dharau si mapenzi yaliyojificha. Anayekutukana leo huenda akakutukana na kesho. Na palipo na kipigo, hatusemi tena juu ya ugomvi wa kawaida. Kusamehe si kurudi kupigwa. Anayepigwa atafute kwanza mahali pa usalama, awaambie watu anaowaamini, na ajue kwamba tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani.

Fanyeni hivi

Filamu ikiisha na watoto wakienda kulala, msikimbilie kitanda. Zimeni televisheni. Kila mmoja amjibu mwenzake, naye mwenzake asikilize bila kumkatiza:

1. Ni jambo gani la mwaka huu ambalo sijakuambia, nami nimeliacha likakomaa?

2. Ni kazi gani yako ambayo sijawahi kukushukuru?

3. Ni fedha au mpango gani tutakaoamua pamoja kuanzia sasa?

Kisha shikaneni mikono, msali Baba Yetu. Mkifika pale penye kusameheana, msiharakishe.

Noeli njema, na amani ya Bwana ikae nyumbani mwenu.