Mentor na Aliyevaa Sura Yake

Jina hudumu kuliko mwenye jina. Wako watu waliolikuza jina lao kwa matendo, na wako waliokuzwa na jina bila ya kutenda jambo kubwa. Katika fungu hili la pili namweka Mentor, mzee wa kisiwa cha Ithaca katika hadithi za Wayunani. Leo jina lake ni neno la kawaida katika Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine nyingi, na maana yake ni mtu wa busara amwongozaye aliye mdogo kwake. Vyuo na maofisi huliandika katika fomu, na mgeni hupewa Mentor wake kama anavyopewa meza na kiti. Sisi husema mlezi au mshauri. Swali langu ni hili: je, ni haki mtu kuheshimiwa kwa hekima iliyonenwa na mwingine kwa sura yake?

Tumtazame mwenyewe katika utenzi wa Homer uitwao Odyssey. Odysseus alipopanda merikebu kwenda vita vya Troy, alimwachia Mentor nyumba yake yote aitunze. Miaka 20 ilipita. Nyumba ikawaje? Wachumba 108 walijaa ukumbini, wakichinja mifugo isiyo yao na kunywa divai wasiyoinunua, wakimshurutisha Penelope aolewe na mmoja wao. Amana ililiwa mbele ya macho ya aliyekabidhiwa. Telemachus, aliyeachwa mtoto mchanga, alikuwa kijana bila ya kuonyeshwa njia. Aliyemwonyesha ni Athena, mungu wa kike wa hekima. Kwanza alimjia kwa sura ya mgeni aitwaye Mentes. Kisha akavaa umbo na sauti ya Mentor, akamwahidi merikebu, akasafiri naye mpaka Pylos, na kijana alipoona haya kusema mbele ya mfalme Nestor, akamtia moyo. Ushauri karibu wote uliompa Mentor sifa duniani ulitoka kinywani mwa Athena.

Walakini sifa hiyo haikuenezwa na Homer peke yake. Mwaka 1699 kilitokea Ufaransa kitabu cha Fénelon juu ya safari za Telemachus. Fénelon alikuwa askofu mkuu wa Cambrai, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa mjukuu wa mfalme Louis XIV. Katika kitabu chake Mentor humhubiria kijana mara nyingi juu ya ubaya wa vita, anasa na kiburi cha wafalme. Wasomaji walimwona Louis ndani yake, na mwandishi hakupata tena kibali cha mfalme. Baada ya hapo, katika karne ya 18, jina likaanza kutumika kwa kila mshauri mwema. Basi Mentor tunayemtaja leo ni wa Fénelon zaidi kuliko wa Homer. Na hata katika kitabu hicho, mwisho wa safari sura huvuliwa, na aliyekuwa akinena huonekana kuwa ni yule yule mungu wa kike.

Hata hivyo simdharau mzee wa Ithaca. Liko jambo moja alilotenda kwa nafsi yake. Siku Telemachus alipokusanya baraza, Mentor alisimama akasema kwamba hasira yake haikuwa juu ya wachumba, waliokuwa wakihatarisha vichwa vyao wenyewe, bali juu ya watu wengine wote walioketi kimya, hali wao ni wengi na wachumba ni wachache. Mchumba mmoja akamkemea, baraza likavunjika, kila mtu akaenda kwake. Hakuna kilichobadilika. Ni maneno machache ya mtu asiye na nguvu, lakini yalikuwa yake, na mimi nayathamini kuliko mausia yote yaliyonenwa kwa sura yake.

Katika Kiswahili cha pwani somo ni mtu mliye na jina moja, na somo vile vile ni mwanamke amfundaye mwari. Lugha yetu imetia jina na mafunzo katika neno moja, lakini somo wa mwari hujulikana kwao, na mwari akiharibikiwa, lawama hubisha mlangoni kwake. Athena aliazima jina la mtu. Kama merikebu ingalizama, sijui Penelope angalimdai nani mwanawe.

Miaka michache iliyopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, sasa naye ni mwalimu. Alinishukuru kwa maneno niliyomwambia siku alipokuwa amefunga sanduku lake ili aache masomo. Akayakariri neno kwa neno. Yalikuwa maneno mema, lakini sikuyasema. Muhula ule sikuwapo chuoni. Nilikuwa nimekwenda kuuguza mzazi. Jina langu lilikuwa katika karatasi ya walezi, na bila shaka mwenzangu mmoja alifanya kazi iliyokuwa yangu. Nilifungua kinywa nimwambie, nikaona furaha yake, nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nimemkumbuka mara nyingi Noemon, mwenye merikebu iliyomchukua Telemachus. Katika kitabu cha nne cha utenzi huo anasema kwa mshangao kwamba alimwona Mentor akipanda chomboni, au mungu aliyefanana naye. Maana jana asubuhi alimwona Mentor yu papo hapo Ithaca. Homer hatuambii kama mzee huyo aliulizwa habari za safari ile, wala alijibu nini. Mwenzangu yule bado namtafuta. Nimekwisha waandikia wawili, na wote wawili wamesema si wao.