Ngoma na Umoja wa Wanawake

Wako wasomi wanaodhani kwamba wanawake wakiimba na kucheza pamoja wanapoteza wakati. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu niliisikia kauli hiyo mara nyingi, nami siikubali.

Tuitazame Dar es Salaam ya mwaka 1955. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, vikiwamo vya lelemama. Kwa miezi michache tu, maelfu ya wanawake walikuwa wamekata kadi.

Iliwezekanaje? Vikundi hivyo vilikwisha kuwa na viongozi, michango, na desturi ya kusaidiana arusini na msibani, tena viliwakusanya wanawake wa makabila mbalimbali. Isitoshe, mchezaji aliye mstarini hulazimika kumsikiliza jirani yake: akiharakisha, ngoma huharibika, akizubaa, huharibika vilevile. Huo ndio umoja wenyewe, nao hufunzwa kwa miguu kabla ya kutamkwa kwa mdomo.

Hata hivyo, ngoma inaweza kutumiwa vibaya. Baada ya Uhuru, mara nyingi wanawake waliitwa kumwimbia mgeni, kisha wakarudishwa nyumbani huku wanaume wakiingia kikaoni. Basi yatupasa kujiulize: ngoma ikiisha, aliyeimba hupewa nafasi ya kusema? Asipopewa, tumeikopa sauti yake, na deni hatujalilipa.