Watu Wawili, Baiskeli Moja

Katika nchi hii ya Dodoma, yenye upepo mkavu na njia za mchanga, ni jambo la kila siku kumwona mume akiendesha baiskeli, na mkewe ameketi nyuma juu ya keria, kikapu magotini. Siku moja, njiani Hombolo, tuliona baiskeli mbili za namna hiyo zikiteremka kuelekea korongo. Mume wa kwanza alipaza sauti: "Mama Maria, shika, kuna shimo!" Wakavuka salama. Wa pili aliliona shimo lile lile, akajiinua kidogo kitini ili asiumie, wala hakusema neno. Mkewe akaanguka pamoja na kikapu chake. Ndipo mume alipogeuka na kumwuliza: "Kwa nini hukushika?"

Je, ni haki kumdai mwenzio uangalifu juu ya jambo ulilomficha?

Nchi za Ulaya iko baiskeli yenye viti viwili na pedali za watu wawili, zilizounganishwa kwa mnyororo. Wa mbele hushika usukani na breki. Wa nyuma hukanyaga, wala haioni njia vema kwa kuwa mgongo wa mwenzake umemzuia. Mmoja akiacha kukanyaga ghafla, miguu ya mwingine yasumbuka papo hapo. Kwa hiyo yule wa mbele hufundishwa kutangaza mapema kila kona, kila shimo na kila kusimama. Kuona mbele kwamtia katika deni la kusema.

Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Mume auza zabibu, ambazo kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, au akopa fedha kwa dhamana ya mavuno yajayo. Mke aliyepalilia shamba lile lile apata habari sokoni. Deni likiwafikia mlangoni, aulizwa kwa nini hakubana matumizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Ni sheria njema, lakini haiwezi kusimama mlangoni kila gunia linapotoka ghalani. Hapo dhamiri tu ndiyo mlinzi.

Pengine mtu atasema: "Usukani haushikwi na wawili, na Mtume Paulo amemwita mume kichwa." Ni kweli. Lakini katika waraka ule ule kwa Waefeso, kabla ya kunena hayo, Mtume awaagiza waamini wote watiiane kwa kumcha Kristo. Kisha amtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa. Kichwa kinachojiinua kitini ili kishindo kimpate mwingine hakifanani na Kristo.

Aketiye nyuma naye anayo wajibu yake. Penye kona, akiegemea upande wa pili kwa ukaidi, aweza kuwaangusha wote wawili. Tena gurudumu la nyuma likichomwa na mbigiri, yeye ndiye aanzaye kusikia kwamba upepo wapungua. Ndivyo mke atambuavyo mapema kwamba unga wakaribia kwisha, au kwamba mtoto amepata marafiki wabaya. Akinyamaza kwa kinyongo, amekosa. Lakini akinyamaza kwa kuogopa kukaripiwa, kosa ni la yule aliyemfundisha kuogopa.

Basi, enyi wazazi Wakristo, usiku wa leo, baada ya sala ya jioni na watoto wakiisha kulala, ketini pamoja. Mume ataje shimo moja aliloliona mbele, ambalo hajalisema. Mke ataje pancha moja aliyoisikia nyuma. Wala mmoja asimkatize mwenziwe. Kisha mwombeni Mungu neema, na asubuhi mpande tena baiskeli yenu, mkiwa wawili.