Nyama Twaiuliza, Hadithi Hatuiulizi

 

Enyi ndugu zetu, aliyepata kufika Kiamaiko, mtaa wa Nairobi upande wa mashariki, ajua kuwa sifa ya mtaa ule ni mbuzi. Huletwa kutoka nchi za kaskazini, huchinjwa pale, na nyama yake ikatawanyika mjini. Wala Mwislamu hatii mkono mfukoni kabla ya kujua ni nani aliyechinja na amechinja vipi. Ni uangalifu mwema.

Lakini nyumba iyo hiyo, kikisha kuliwa chakula, hufungua televisheni. Zaidi ya miaka kumi sasa kampuni ya MultiChoice ya Afrika Kusini, ambayo tangu mwaka 2025 imo mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa, imetuletea michezo ya Maisha Magic, iliyotungwa na kuchezwa na watu wa nchi zetu. Selina, kisa cha msichana maskini na nyumba ya matajiri, ilianza mwaka 2018. Kina ikafuata mwaka 2020. Watu waliipenda, kwani wasemaji wasema kama wao. Hapa hakuna aulizaye aliyechinja ni nani.

Wako wasemao sanduku livunjwe. Mimi sisemi hivyo. Kusimulia si haramu: Mwenyezi Mungu ametusimulia kisa cha Nabii Yusuf, na ndani yake mna husuda ya ndugu, na mke wa mkubwa aliyemtamani kijana, na kifungo cha dhuluma. Ila uovu ule haukurembwa, wala hatukuachwa tuuonee shauku. Basi mzazi na akae na wanawe, atazame: mwizi anasifiwa kwa werevu wake? Zinaa inafanywa jambo la kuchekesha? Isha inasubirishwa mpaka kipande kiishe? Na wanaume wasiwatupie wake zao lawama yote, maana wengi wao Isha huwapita wakitazama mpira.

Tena liko jambo kubwa kuliko hilo. Waislamu hawakukaa wakilalamika kuwa mjini hapapatikani nyama ya halali. Walishika visu wakachinja, na leo hata wasio Waislamu hununua kwao. Kwa nini hadithi tumewaachia wengine? Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui hakuikimbia gazeti kwa kuwa ni chombo kigeni. Alitoa Sahifa mwaka 1930, na al-Islah mwaka 1932, papo hapo Mombasa. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, naye mgonjwa. Sisi wajukuu wao, Kiswahili kikiwa ndicho lugha ya mama zetu, twangoja tutungiwe na Nairobi, kisha twanung'unika kuwa mtu wa pwani katika michezo ni mganga au jini.

Stesheni hizi hununua kazi kwa watunzi wa hapa, mlango haukufungwa. Watakao ni mtu ajuaye kupanga maneno na kutimiza ahadi. Mwenye kisa cha mirathi iliyoliwa, cha yatima, cha mke aliyetelekezwa, na akiandike akilete darasani, tukisome pamoja na kukisahihisha kabla ya kukipeleka.